Keki ya tabaka na mdalasini: tusinunue furu kwanza



Kikundi cha mikate kinaomba mukopo ku kasha ya chama, juu ya kutengeneza keki ya tabaka yenye sukari na mdalasini. Wengine wanauliza: "Watu wanatafuta unga wa bukari, ninyi munaleta keki ya matajiri?" Swali ni la haki. Tulijibu.

Hapa Kasomeno njia inagawanyika: moja Kasenga, ingine Kilwa na Pweto. Magari yanasimama, na wamama wote wanauza mandazi. Wakiwa kumi pahali pamoja, bei inashuka, mafuta ya kukaangia inabaki bei ile ile. Keki ya tabaka haitaki mafuta ya kukaangia wala levire. Ndani ya mukebe mukavu inakaa siku mbili tatu, musafiri anaibeba mpaka Pweto.

Kazi yake njo hii. Gramu 500 za unga wa ngano, kijiko kidogo cha munyu, mayi ya baridi robo litre. Changanya, funika na kitambaa chenye mayi, pumzisha nusu saa. Gramu 300 za mantega ngumu, ile ya kukata na kisu, ponda na chupa tupu mpaka ikuwe bapa. Weka katikati ya donge, funga kama barua. Sukuma na chupa ndefu-ndefu, kunja mara tatu, pumzisha nusu saa. Rudilia hivyo mara nne. Hesabu: 3, 9, 27, 81. Ni tabaka 81 za mantega. Kwenye moto, mayi ya ndani ya donge inakuwa mvuke, inainua kila tabaka. Mantega ikiyeyuka mbele ya moto, tabaka zinashikana na keki inakuwa jiwe.

Kwa hiyo baridi njo siri. Hatuna frigo, lakini tuko na nyungu mbili za udongo, ndogo ndani ya kubwa, katikati muchanga wenye mayi. Mayi ikikauka inaondoka na joto. Kiangazi inasaidia sana. Wakati wa mvua hewa iko na mayi tayari, haisaidii.

Mwishoni, nyunyiza gramu 100 za sukari na vijiko viwili vidogo vya mdalasini, ile wengine wanaita kanele. Viringisha pande mbili zikutane katikati, kata vipande kama 40. Ku mbabula, sufuria nzito yenye muchanga mukavu, mawe matatu, sahani juu, kifuniko na makala juu yake. Makala ya juu ipite ya chini, juu sukari inaungua haraka. Dakika kumi za kwanza usifungue. Zikikuwa rangi ya asali, geuza.

Sasa mukopo. Hatuombi furu ya umeme. Furu bila umeme ni kabati. Tunaomba pesa ya unga, mantega, sukari, mdalasini na makala ya majuma manne tu, toka mwezi wa 6, wakati wa baridi. Kila juma tunaandika ku kayee: tumenunua ngapi, vipande ngapi vimeuzwa, ngapi vimeliwa nyumbani. Vya kuliwa nyumbani pia vihesabiwe, juu mantega yake ililipwa. Mwezi wa 10, joto likipanda, tunaacha keki na kurudi ku mandazi.

Kama majuma manne hayalipi mukopo, tunasimamisha, na kasha haipoteze zaidi ya hapo. Kama yanalipa, mama mwingine anachukua nafasi, sawa na likelemba.

Wafadhili, mukitaka kusaidia, leteni sufuria nzito na mizani. Wanamemba, ku mukutano wa mwezi kesho tunataka jibu lenu: ndiyo ao hapana.