Hotuba ya Mgeni Rasmi Kwenye Kilele cha Wiki ya Rotaract, Tanga

Ndugu Rais wa Klabu ya Rotaract, walezi wa klabu kutoka Rotary, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzangu, vijana wangu,  

Nawashukuru kwa heshima hii. Mlipomwalika mkunga mstaafu awe mgeni rasmi nilikubali papo hapo, kwa sababu kwenye ratiba yenu niliona siku ya kuchangia damu.

Wiki hii huadhimishwa duniani kote kila mwezi Machi, kwa kuwa klabu ya kwanza ya Rotaract ilizaliwa Machi 13, 1968, mjini Charlotte, North Carolina, huko Marekani. Ninyi mmeiadhimisha kwa kuzibua mitaro, kupanda miti shuleni, na bonanza lililowatoa hata wazee vibarazani. Hongereni kwa yote. Ila mniruhusu nikae zaidi kwenye damu.

Siku ya kuchangia nilipita kuwatazama. Binti mmoja alikuwa anatoa damu kwa mara ya kwanza. Sindano ilipokaribia aligeukia ukutani. Mwenzake aliyekwisha kutoa akamshika mkono, akawa anamhadithia mechi ya Coastal Union mpaka mfuko ukajaa. Wakaenda kukaa benchi moja, soda na biskuti mkononi, wanacheka. Nikajua huyu binti atarudi.

Mimi nimeishi na upande wa pili wa mfuko ule. Usiku, wodi ya wazazi, mama amejifungua salama na mtoto analia vizuri. Mara shuka limelowa. Unamchoma sindano ya kukaza mji wa uzazi, unamkanda tumbo, presha inazidi kushuka, mtu anakimbilia maabara. Akirudi mikono mitupu, ndugu waliokuja na khanga na chupa ya chai ndio wanaanza kuulizwa nani atajitolea. Hata akipatikana, damu yake ni lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na mama yule hana muda wa kusubiri. Damu inayomwokoa ni ile iliyokuwemo kwenye jokofu kabla uchungu haujaanza.

Na jokofu halitunzi milele. Kwenye mfuko wa kawaida wenye dawa ya CPDA-1, damu nzima hukaa siku 35 tu. Iliyotolewa Machi 13 mwisho wake ni Aprili 17. Hapo masika yamekolea, malaria imepanda, na watoto wanaletwa viganja vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu. Ikifika Juni shule zinafunga, na wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Kwa hiyo, vijana wangu, wiki moja kwa mwaka haitoshi, hata ikifana namna hii.

Ombi langu ni moja. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Jigaweni makundi manne, na waliochangia wiki hii wakae kundi la nne. Kila mwezi kundi moja liende benki ya damu, na liende pamoja, kama mlivyokwenda wiki hii, kwa sababu mtu akiachwa peke yake huahirisha. Kwa mzunguko huo kila mmoja atatoa mara tatu kwa mwaka, na jokofu halitapita mwezi bila damu ya klabu hii.

Msiogope kazi ndefu. Rotary walianza kampeni yao kubwa ya kutokomeza polio mwaka 1985, na ni Agosti 25, 2020 ndipo Afrika ilipothibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Walioanza wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka.

Katibu ana daftari mezani pale. Aliyetimiza miaka 18, ana uzito wa kilo 50 au zaidi na anajisikia mzima, awe mwanaklabu au mzazi aliyekuja kushangilia, aandike jina na kundi lake kabla hatujagawana chakula.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba Wiki ya Rotaract imefungwa rasmi, na kundi la kwanza tunakutana benki ya damu mwezi ujao.