Dini Zilianzaje?

Ndugu wanakisomo,

Mtoto akitoka shule na kusema, "Baba, historia ya dini si kama mnavyosimulia," tusimkaripie. Tumsikilize.

Tuanze hapa kwetu Nyasa. Wazee wa Liuli husimulia habari za padre Johnson. Maandishi yanatupa miaka: misheni ya Waanglikana ilianza kisiwani Likoma mwaka 1885, na Johnson alifariki Liuli mwaka 1928. Mzee anatuambia dini ilivyopokelewa. Maandishi yanatuambia lini. Yote mawili twayahitaji.

Hata mbali ni hivyo hivyo. Wayahudi husimulia habari za Ibrahimu na Musa. Wanahistoria wanaonyesha jiwe la Misri lenye jina la Israeli, la miaka 3,200 hivi iliyopita. Wakristo huanza na Injili. Wanahistoria huanza na barua za Paulo, maana ziliandikwa mapema zaidi. Waislamu husimulia Mtume alivyohamia Madina mwaka 622. Wanahistoria huchunguza kurasa za kale za Kurani, zilizoandikwa kwenye ngozi.

Je, wakitofautiana tugombane? Hapana. Mwanahistoria huuliza: nani aliandika, na lini? Hapimi imani ya mtu.

Basi ndugu, kalamu sasa tunayo. Tuyaandike ya wazee wetu, tena tuweke mwaka, kabla hawajatutoka.