Wimbo na Sinema ni Mashahidi wa Historia

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: WIMBO, SINEMA, SHAHIDI. Shahidi ni mtu aliyeona au kusikia jambo, akaulizwa habari zake.

Wengi hudhani kwamba historia imo vitabuni tu. Lakini wakati wa ukoloni, ni nani aliyeandika? Karani aliandika. Hakimu aliandika. Mwanamke mwuza vyungu hakuandika. Je, hakuwa na historia? Alikuwa nayo, ila aliiimba.

Tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini. Aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Bara Hindi, nyimbo zake zikatiwa katika santuri. Hata asiyejua kusoma aliweza kuzisikia.

Wimbo wake mmoja huitwa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Aliyemwua, Kijiti, akatoroka. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliopewa adhabu, kwa kosa la pombe. Karatasi za mahakama hutuambia nani alihukumiwa. Wimbo hutuambia watu wa mitaani waliionaje hukumu hiyo. Tukitaka kujua hali ya wanawake mbele ya sheria siku zile, tunahitaji vyote viwili.

Sasa sinema. Mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Ni hadithi ya mtu wa shamba na mambo yaliyompata mjini Dar es Salaam. Miaka hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa na mkono katika sinema za namna hii, nayo haikupenda vijana wengi wahamie mjini. Basi unapoitazama, usicheke tu. Jiulize: mji huu unaonyeshwa kwa macho ya nani? Na kodi, iliyomlazimisha kijana kutafuta fedha, inaonyeshwa?

Tazameni na jambo jingine. Aliyecheza kama mtu huyo wa shamba alikuwa Rashidi Kawawa. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Katika sinema alikuwa mshamba aliyeshindwa na mji; katika maisha aliwaongoza wafanyakazi wa miji. Sinema peke yake haikuweza kutuambia hayo.

Kwa hiyo, kila wimbo na kila sinema tuiulize kama tunavyomwuliza shahidi:

1. Nani aliitengeneza, na nani alitoa fedha?
2. Ilitengenezwa kwa ajili ya nani?
3. Ni jambo gani limeachwa?

Shahidi mmoja hatoshi. Mtunzi wa wimbo naye huweza kumwonea mtu au kuongeza chumvi. Linganisheni wimbo na maneno ya wazee, na maneno ya wazee na maandishi.

KAZI YA NYUMBANI. Mwendee mzee wa kwenu, mwanamke au mwanamume. Mwamkie, kisha mwombe wimbo wa zamani: wa kulima, wa ngoma, wa harusi au wa kudai Uhuru. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha. Andika wimbo uliimbwa wapi, na kwa sababu gani. Msichelewe. Wazee wanaondoka, na nyimbo nyingi hazijaandikwa popote.

MASWALI YA DARASA. Kwa nini waliotoa ushahidi waliadhibiwa, na jambo hilo lilifundisha nini kwa wanawake wengine? Kama ninyi mngetengeneza sinema juu ya kijana anayekwenda mjini, mngeanza na nini?

Zungumzeni, kila mmoja apate nafasi ya kusema. Kwaherini.