Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Katika majimbo mengi ya Marekani kijana wa miaka 16 huruhusiwa kuendesha gari. Wengi hutamani gari la kwanza liwe la zamani, walitengeneze wenyewe mpaka lipae. Linalopendwa sana ni Ford Mustang, iliyoanza kuuzwa Aprili 1964.

Ya silinda 6 ni nafuu kuliko ya V8. Basi kijana huinunua hiyo, kisha hutafuta injini ya V8 aipachike. Hapo ndipo penye mtego. Katika zile za miaka ya mwanzo, gurudumu la gari la silinda 6 hufungwa kwa nati 4, la V8 kwa nati 5. Tofauti si nati tu. Breki, ekseli na springi nazo ni hafifu zaidi. Kubadili injini peke yake ni kumpa farasi mbio na kumnyima hatamu.

Tena, mpaka toleo la 1966, breki zote zilitegemea mkondo mmoja wa mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote 4 hayashiki. Toleo la 1967 ndilo lililotenganisha mbele na nyuma.

Wazazi, msimkataze kijana, kwani anajifunza kazi. Lakini fedha ya kwanza iende kwenye kutu ya sakafu, breki na mikanda. Injini ingoje. Atanuna, naam, lakini atarudi nyumbani akiwa mzima.