Picha ya Ngara Itoke na Ruhusa Yake

Mada kwa wapiga picha na wasimamizi wa tovuti, Rulenge



Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, wakimbizi kutoka Rwanda wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani kwetu Ngara. Kambi yao ya Benaco ikajaa kamera za mashirika ya habari ya dunia nzima. Mpiga picha Sebastião Salgado naye alipiga picha pale. Leo mtu wa Kasulo hapa Ngara akitaka kuweka mojawapo ya picha hizo kwenye tovuti, hata kama shamba la babu yake linaonekana, itabidi aombe kibali kwa mwenye hakimiliki aliye ng'ambo, na pengine alipie. Sina ugomvi na hilo. Kinachonikera ni kwamba sasa kamera tunazo sisi, na picha zetu tunazimwaga mtandaoni bila jina wala masharti.

Hakimiliki haisubiri mhuri. Tanzania iliingia Mkataba wa Berne Julai 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoundwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro.

Sasa leseni. Ukikaa kimya, maana yake haki zote ni zako na kila mtu akuombe. Ukitaka picha itembee, zipo leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Sharti la BY humtaka mtumiaji akutaje jina. NC humzuia kufanyia biashara. Ila jihadharini: ukishaitoa picha kwa leseni hiyo, huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kuichukua. Kwa maoni yangu, picha za maporomoko ya Rusumo na za kahawa iliyoanikwa zipewe BY bila kusita. Mgonjwa, mtoto wa shule, mkimbizi, hapana. Hakimiliki ya mpiga picha haimpi ruhusa ya aliyepigwa; tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake.

Tuje kwenye simu. Picha yenye pikseli 4000 kwa upana huweza kufika MB 4 au zaidi. Msomaji wa Keza anayeishi kwa bando la siku hataisubiri. Ipunguzeni hadi pikseli 1600, JPEG ya ubora wa 80 hivi, nayo kwa kawaida itashuka chini ya nusu MB. Picha halisi itunzeni pembeni, msiiguse. Na msitumiane picha za kazi kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana huzibana na kufuta taarifa zilizomo ndani yake. Tumeni kama faili. Kabla ya kuipandisha picha tovutini, jazeni jina la mpiga picha na leseni ndani ya faili lenyewe, kisha futeni lokesheni. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa, na picha ya mtoto mlangoni kwao itamwelekeza mgeni hadi mlangoni hapo.

Video ni mzigo mwingine: dakika moja kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ni MB 15. 720p inatosha sana. Muziki ndio mtego. Wimbo wa Bongo Fleva uliosikika harusini una mwenyewe, na mtandao huweza kuutambua na kuzima sauti. Mkirekodi kikundi cha ngoma, kiongozi wao aseme mbele ya kamera, kwa Kihangaza akipenda, video itatumika wapi na mapato, yakipatikana, yatagawanywaje. Kipande hicho kitunzwe pamoja na video halisi.