MTOTO NA MTU ASIYE NA MAKAO
Hotuba ya Kamati ya Watoto, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa tueleze kwa nini fedha za Chama zilitumika kununulia vitabu vya picha, na kwa nini twaomba kifungu hicho kisifutwe katika makisio ya mwaka ujao. Tumelisikia neno la mzee wetu mmoja, ya kuwa kitabu hakimfuniki mtu usiku wa baridi. Ni neno la haki, wala hatukuja kulipinga. Twaomba tu mtusikilize kwanza.

Na tuanze na jambo tulilolishuhudia. Jumamosi moja watoto wetu walipokuwa wakitoka ukumbini, walikutana na mvulana aliyebeba gunia la chupa za plastiki. Mmoja akapaza sauti, "Chokora!" Wenzake wakacheka, naye akainama kuokota jiwe. Tulimzuia, tukamwuliza ni nani aliyemfundisha neno lile. Akajibu kwa upole, "Ndilo jina lao. Hata baba huwaita hivyo."

Wazee wetu, mtoto yule hakukosa malezi. Alikuwa amelishika vema somo tulilompa sisi wenyewe. Kuchokora ni kuchimbuachimbua kwa kidole au kijiti. Nasi tumekitwaa kitendo cha mwenye njaa penye jalala, tukakifanya kuwa jina la mtu. Mwaka 2018 Serikali ilipowahesabu watu wanaoishi njiani, iliwapata 46,639 katika Kenya nzima, na katika hao 15,337 walikuwa hapa Nairobi. Kila mmoja wao alipewa jina na wazazi wake, na jina hilo silo tunalomwita.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini kitabu cha picha, ilhali watu hao twawaona kila siku? Ni kweli, mtoto wa mjini huwaona, lakini huwaona huku akivutwa mkono. Huambiwa, "Usimtazame, twende upesi." Mzazi ana hofu yake, nasi hatumlaumu, hata hivyo mtoto hujifunza ya kuwa kuna nyuso zisizostahili kutazamwa. Katika kitabu aweza kuutazama uso huo kwa muda apendao, akauliza maswali yake yote, wala asimvunjie mtu heshima.

Kitabu tulichokisoma kwanza ni cha Marekani. Kiliandikwa na Eve Bunting, kikachorwa na Ronald Himler, kikatolewa mwaka 1991 kwa jina la Fly Away Home. Chaeleza habari za baba na mwanawe wanaoishi katika kiwanja cha ndege kwa sababu hawawezi kulipa kodi ya nyumba. Huhama kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi mwingine ili wasitambuliwe wakafukuzwa. Baba si mvivu. Ana kazi ya kusafisha maofisi mwisho wa juma, lakini mshahara wake haufiki kodi. Kitabu cha pili ni I See You cha Michael Genhart, kilichochorwa na Joanne Lew-Vriethoff na kutolewa mwaka 2017. Hicho hakina maneno ya hadithi. Kina picha tu za mvulana anayemwona mwanamke asiye na makao, ambaye wapita njia hawamjali. Kwa kuwa hakina maneno, msomaji aweza kukisimulia kwa Kiswahili, na bibi aweza kukisimulia kwa lugha ya kwao.

Watoto wetu wengi hawajapata kupanda ndege, lakini habari ya kodi waliielewa mara moja. Mmoja aliuliza, "Kama baba yake ana kazi, mbona hawana nyumba?" Kabla hatujajibu, mwenzake akasema, "Kodi ilipanda." Ndipo binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema, "Hata sisi tulilala darasani nyumba yetu ilipoondoka." Alikuwa akisema habari za mwaka 2024, mto Mathare ulipofurika, na nyumba nyingi zilizosalia kando ya mto zikabomolewa baadaye. Yule mvulana wa jiwe alikuwa ameketi karibu naye. Akamwuliza, "Basi wewe ulikuwa chokora?" Binti akajibu, "Hapana. Nilikuwa mimi tu."

Ukumbi ulinyamaza. Tangu siku ile neno lile hatujalisikia tena ukumbini mwetu. Hatusemi kwamba limekwisha barabarani.

Katika kazi hii tumejifunza mambo matatu, nasi twayaeleza kwa faida ya wazazi.

Kwanza, kichaguliwe kitabu kinachoonyesha jinsi mtu alivyopoteza makao yake. Kitabu kinachoonyesha wema wa mtoaji peke yake humfundisha mtoto kujisifu, naye hudhani maskini wameumbwa ili yeye apate thawabu.

Pili, mtoto asiulizwe habari za nyumbani kwao mbele ya wenzake. Binti yule alisema kwa hiari yake. Lau tungalimwuliza, tungalimwaibisha.

Tatu, heshima isitenganishwe na tahadhari. Mtoto afundishwe kusalimu akiwa pamoja na mtu mzima, na afundishwe pia kutomfuata mtu asiyemjua, awe amevaa matambara au suti.

Kasoro moja twaikiri. Vitabu hivi vimetoka ng'ambo, na mji unaochorwa humo si mji wetu. Mpango wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, hutoa hadithi za picha bila malipo katika Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, na huwaruhusu watu kutunga za kwao. Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi, wazee wetu. Vyama vya ustawi kama hiki viliwapokea watu waliofika mjini wasiwe na pa kulala. Wako kati yenu waliolala wanne katika kitanda kimoja kwa zamu, au barazani kwa mtu wa kwao. Mtu asiye na makao wala kazi aliweza kukamatwa kwa Sheria ya Uzururaji, ambayo ilifutwa mwaka 1997. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata makao yafaayo. Watoto wetu hawaijui safari hiyo. Hudhani ya kuwa sisi tulizaliwa na funguo za nyumba mkononi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo matatu. Fedha za blanketi ziongezwe kwa mchango mpya, wala zisitolewe katika kifungu cha vitabu, maana mtoto aliyefundishwa kurusha jiwe leo hatachangia blanketi kesho. Wazee wakubali kuketi nasi Jumamosi na kusimulia jinsi walivyofika mjini, nasi tutawapa watoto kalamu za rangi wazichore habari hizo. Na kila mwanachama, akifika nyumbani jioni hii, alikomeshe neno lile mezani pake. Ombi hili la mwisho halina gharama, lakini twaliona kuwa gumu kuliko yote.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulio wakavu tumekwisha kukunjwa vibaya. Tusiwakunje watoto kwa mfano wetu.