Mwanga Hafifu wa Mita za Gari la Zamani: Pima Kwanza, Ununue Baadaye



Jambo tulilolichagua kwa mazungumzo ya leo huonekana dogo, na kwa sababu hiyo wengi huliahirisha mwaka baada ya mwaka. Ni mwanga wa mita zilizo kwenye dashibodi ya gari la zamani.

Magari yaliyoundwa kati ya miaka ya 1950 na 1970 bado yanatembea katika barabara zetu. Zipo Land Rover za mashambani, zipo Volkswagen Beetle, zipo Peugeot 404, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, na zipo Datsun zilizotunzwa kwa mapenzi makubwa. Mengi ya magari hayo yamepakwa rangi mpya na kushonewa viti vipya. Hata hivyo, jua likizama, dereva hulazimika kuinama na kukodoa macho ili aione sindano ya spidomita.

Hili si suala la urembo. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa mijini ni kilomita 50 kwa saa, na dereva asiyeiona mita yake hawezi kujua kama ameutii. Tena kuna mita ya joto la injini na ya shinikizo la oili. Mtu akisafiri usiku kati ya Mtito Andei na Voi, mpira wa maji ukapasuka, dalili ya kwanza huwa ni sindano ya joto kupanda. Asipoiona kwa dakika chache, kichwa cha silinda huweza kupinda. Hapo kitu kidogo kama balbu huwa kimemgharimu mwenye gari injini nzima.

Anayekwenda kutafuta dawa ya tatizo hili, aghalabu hupewa shauri moja kati ya matatu: aweke balbu zenye wati nyingi zaidi, abadilishe zote kwa balbu za LED, au anunue seti nzima ya mita kutoka gari jingine. Kila moja lina mahali pake. Lakini mteja anapolitekeleza kabla ya kujua mwanga umepotelea wapi, huenda akalipia kitu ambacho hakikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ikabaki palepale.

Tuanze basi na njia ya umeme. Umeme hutoka kwenye betri, hupita swichi ya taa, fyuzi kama ipo, na katika magari mengi kitufe cha kupunguzia mwanga wa mita. Kisha hufuata waya hadi kwenye soketi, huwasha balbu, na kurudi betrini kwa kupitia chuma cha bodi, njia ambayo mafundi huiita erthi. Kutu au ulegevu mahali popote katika safari hiyo hula sehemu ya volti. Na balbu ya waya, yaani ile ya kioo yenye uzi unaong'aa, haisamehe upungufu huo. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana balbu mpya kabisa huweza kuonekana kama mshumaa unaokaribia kuzimika.

Mwanga nao una njia yake. Ukishatoka kwenye balbu, hugonga kuta za ndani za mita, hupenya kichujio cha rangi ya kijani au buluu, ndipo ufike kwenye namba. Kuta hizo zilipakwa rangi nyeupe kiwandani ili ziakisi mwanga. Baada ya miaka 50 rangi hiyo huwa imegeuka manjano, imebanduka au imefunikwa na vumbi, na kichujio huwa kimekauka na kuingia giza. Katika hali hiyo, kuongeza nguvu ya balbu ni kama kuongeza utambi katika taa ambayo chemni yake imejaa masizi.

Kutokana na hayo tunashauri kazi ifuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, zungusheni kitufe cha kupunguzia mwanga. Ndani yake mna waya uliosokotwa na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kisipoguswa kwa miaka mingi, huota kutu. Kukizungusha mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho, taa zikiwa zimezimwa, huweza kurudisha mwanga bila kununua chochote.

Pili, pimeni volti. Fundi mwenye testa aweze kufanya hivyo mbele yenu katika muda mfupi. Taa ziwe zinawaka na balbu iwe mahali pake, kwa maana soketi isiyo na balbu huweza kuonyesha volti kamili hata kama waya wake ni mbovu. Asome volti za betri, kisha asome zile zinazofika kwenye balbu huku kitufe kikiwa mwisho wa mwanga. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali pa kusafisha. Ili kujua kama kasoro ni ya njia ya kurudi, aguse mwili wa soketi kwa ncha moja ya testa na chuma tupu cha bodi kwa ncha nyingine. Njia ikiwa nzima, testa itasoma karibu na sifuri.

Erthi mbaya ina ishara nyingine. Magari mengi ya Uingereza yenye mita za Smiths yana kifaa kidogo cha kusawazisha volti, ambacho huzipa mita za mafuta na joto wastani wa volti 10. Kifaa hicho nacho hutegemea erthi ya dashibodi. Mwenye gari akiona taa za mita zimefifia na wakati huohuo mita ya mafuta inadanganya, asikimbilie kununua mita. Waya mmoja uliofungwa vizuri kutoka nyuma ya mita hadi chuma kisafi cha bodi huenda ukaponya maradhi yote mawili.

Tatu, mita zitolewe na kusafishwa. Kabla mkono haujaingia nyuma ya dashibodi, betri ifunguliwe kichwa kile kilichoungwa na bodi. Tunalisisitiza hili kwa sababu waya wa ampea katika magari mengi ya zamani hubeba umeme mwingi bila kupita fyuzi yoyote, na spana ikiugusa pamoja na chuma, moto huweza kuzuka papo hapo. Vilevile, mita ya oili katika baadhi ya magari huunganishwa na injini kwa bomba jembamba lenye oili ndani yake. Anayeivuta mita kwa nguvu hulikata bomba hilo. Soketi zisuguliwe kwa brashi laini, na kuta za ndani zipakwe upya rangi nyeupe isiyong'aa. Uso wa mita wenye namba usifutwe kwa petroli wala tina, kwa kuwa maandishi yake hufutika na hayarudi.

Nne, wekeni balbu mpya za kiasi kilekile. Uzi wa balbu kuukuu hugeuka mvuke polepole na kukipaka kioo weusi kwa ndani, hivyo balbu huweza kuwaka bado na mwanga wake usitoke. Mita nyingi za Kiingereza hutumia balbu ya kuzungusha ya wati 2.2, na magari ya miaka ya baadaye yana balbu za kuchomeka za wati 3 au 5. Anayetaka kutoa wati 2.2 na kuweka wati 5 azingatie hesabu hii: balbu nne za wati 2.2 huvuta takriban ampea 0.7, lakini nne za wati 5 huvuta takriban ampea 1.7. Umeme huo wote hupita katika kitufe ambacho hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Kitufe huungua, kichujio hujikunja, na plastiki huyeyuka. Someni pia volti. Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitumia volti 6, na balbu ya volti 12 ndani yake itakuwa hafifu daima.

Ni baada ya hatua hizo nne tu ambapo inafaa kuzungumzia LED. Balbu hizi hutumia umeme mdogo na hazitoi joto jingi. Kwa mita zenye nyaya dhaifu ni nafuu ya kweli. Lakini mnunuzi azingatie mambo manne.

LED ina chanya na hasi. Baadhi ya magari ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, yakiwamo ya Land Rover, yaliungwa chanya kwenye bodi, na humo LED ya kawaida haitawaka. LED nyingi hurusha mwanga mbele tu, ilhali mita huhitaji mwanga wa pembeni. Ombeni aina inayomulika pande zote. Mara nyingi LED hazipungui vizuri kwa kitufe cha zamani, na mwanga mweupe mkali hung'aa kwenye kioo cha mbele na kuyachosha macho yanayotazama giza la barabara. Lengo letu ni mita isomeke kwa kutupiwa jicho mara moja. Dashibodi haihitaji kung'aa kama duka.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Taa nyekundu ya chaji isibadilishwe kwa LED bila ushauri wa fundi umeme. Katika magari mengi yenye altaneta, umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. LED hupitisha umeme mdogo mno. Matokeo yake ni gari linaloondoka nyumbani salama na kuzimika njiani usiku, betri ikiwa tupu.

Sasa tugeukie makubaliano na fundi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari, inayogusa makadirio ya gharama, idhini ya mteja na vipuri vinavyoondolewa. Haki hizo hazikuwekwa kwa ajili ya gereji kubwa peke yake. Kabla ya kazi kuanza, ulizeni maswali haya:

Je, volti zimepimwa, na zilisomaje kwenye betri na kwenye balbu?
Je, bei mliyoelewana ni ya kutafuta kasoro tu, au na ya kuirekebisha?
Je, vipuri vya zamani mtarudishiwa?
Je, taa zikififia tena baada ya mwezi mmoja, nani atagharimia?

Majibu yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na risiti itunzwe. Rahisi huwa ghali: balbu isiyoandikwa wati wala volti, wala jina la aliyeitengeneza, haina pa kurudishwa ikiharibika. Seti nzima ya mita inunuliwe pale tu ambapo ya awali imevunjika, na mnunuzi aijaribu kwenye betri kabla ya kulipa. Ile ya awali isitupwe. Thamani ya gari la zamani imo katika vitu vyake vya asili, na namba za kilomita zilizomo ndani yake ni sehemu ya historia ya gari hilo.

Kwa mafundi waliomo humu tuna neno moja. Mteja aliyeonyeshwa namba kwenye testa huamini kazi, na humleta jirani yake. Kupima si kupoteza muda, bali ni kujenga jina.

Maswali yenu tunayakaribisha. Aliyekuja na gari lake, na aliwashe taa hapo nje, tulipime pamoja.